Nyigu Wasio na Muhuri

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja jina, wala si kwa woga. Jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho, na mpaka tunaandika haya lilikuwa bado halijarudi. Ilikuwa nchi njema. Barabara zake zilikuwa kwenye mpango, maji yake yalikuwa kwenye hotuba, na wananchi wake walikula muhogo asubuhi, mchana na jioni. Walipolalamika kwamba wamechoka kuula, waliambiwa kuwa huo ndio utulivu wenyewe.

Kilichoipa nchi ile sifa kuliko vyote ni Muhuri. Huko kitu hakikuwepo mpaka kigongwe. Mtoto alizaliwa lakini hakuwepo, na mzee alikufa lakini aliendelea kuwepo, mpaka Ofisi ya Muhuri Mkuu iseme neno. Utaratibu haukuwa mgumu. Unajaza fomu, unabandika picha ya pasipoti kwenye kona ya juu, mwenyekiti wa mtaa anakuandikia barua kwamba anakufahamu vizuri hata kama ndiyo kwanza anakuona, kisha muhuri unagongwa nusu kwenye karatasi na nusu kwenye picha, upande wa kichwa. Hapo hakuna mjanja atakayebandua picha ya mtu na kubandika ya mwingine. Na binadamu hakudhurika, maana kinachogongwa ni picha.

Kwa nyigu mambo yalikuwa tofauti kidogo.

Mtambuzi Mkuu wa Nyigu Wadogo katika Wizara ya Viumbe na Utulivu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane aliyeitwa Mwamvita Kihiyo. Aliitwa Mkuu kwa sababu chini yake hapakuwa na mtu. Nyigu aliowashughulikia si wale wa kujenga kwenye dari na kuwauma watu. Hawa walikuwa wadogo kuliko punje ya ulezi, na mtu angeweza kuvuta pumzi akammeza mmoja asijue. Kazi yao duniani ni kutafuta mdudu mwingine, kumtoboa, kumtagia yai mwilini na kuondoka. Yai likianguliwa, mtoto anamla mwenyeji wake kwa ndani taratibu mpaka abaki ganda. Ni ukatili, lakini ni ukatili wenye mpango, kwa kuwa kila nyigu ana mdudu wake na hamgusi wa mwenzake.

Taabu ni kuwatofautisha. Unaweza kuwaweka wawili kwenye kioo cha hadubini, rangi moja, ukubwa mmoja, mabawa yaleyale, kumbe mmoja anaokoa shamba na mwingine analiangamiza. Tofauti inakaa kwenye vipapasio, vile vijiti viwili vya kichwani, ambavyo vimegawanyika pingili kama muwa. Huyu ana pingili kumi, yule ana kumi na moja. Kuzihesabu kunataka macho, subira, na kichwa cha nyigu.

Na kichwa ndicho kilichokuwa hakipatikani. Miaka hamsini nyuma, Ofisi ya Muhuri Mkuu iliamua kwamba wadudu nao wasajiliwe. Ilionekana kuwa hakuna mpiga picha anayeweza kumpiga nyigu picha ya pasipoti yenye masikio yote mawili, basi ikaagizwa nyigu mwenyewe abandikwe kwa gundi mahali pa picha na muhuri ugongwe kama kawaida, nusu kwa nusu, upande wa kichwa. Kwenye kabati za Hazina ya Taifa walikuwepo nyigu elfu tisa, wote wana viuno vizuri, na penye kichwa pana doa la wino wa zambarau. Wakaguzi walipowapitia waligundua kwamba wote wanafanana. Ndipo serikali ilipotangaza kwa fahari kuwa nchi ina spishi moja tu ya nyigu mdogo, wakati majirani walikuwa na mamia na ndiyo sababu hawaelewani. Maneno *Nyigu Mmoja, Taifa Moja* yakaandikwa kwenye kanga.

Profesa aliyemtangulia Mwamvita, mzee Gervasi, aliwahi kusema redioni kwamba kwa makadirio yake wapo mia tatu. Alishtakiwa kwa Sheria ya Kuzuia Migawanyiko na kuhamishiwa Idara ya Mawingu, ambako kazi yake ni kuyahesabu. Taarifa zinasema anaendelea vizuri.

Mwamvita alikuwa ameelewa somo. Asubuhi aliwapeleka nyigu kugongwa, akatia sahihi panapohusika, akasema asante. Lakini nyumbani kwake, nyuma ya debe la sukari, alikuwa na kopo la kahawa lenye nyigu mia mbili na sita ambao hawakuwahi kuuona muhuri, kila mmoja na kichwa chake. Lilikuwa kosa la miaka saba gerezani, na alilijua. Siku nyingine alilifungua kopo lile akatazama tu, kama mtu anayehakikisha kwamba bado ana akili timamu.

*

Mwaka huo vidung'ata waliingia kwenye mihogo. Ni wadudu weupe, kama waliopakwa unga, wanaoganda kwenye ncha changa za mmea na kunyonya. Majani yalijikunja, mashina yakapinda, na mtu aling'oa shina akakuta mizizi minene kama kidole cha mtoto. Wizara ilitangaza kuwa muhogo umebadilisha umbo kwa hiari yake. Baadaye, watu walipoanza kuchemsha maganda, ikakubali kwamba kuna changamoto.

Dada yake Mwamvita, Hidaya, alilima katika kijiji cha Kwemtanda, mwendo wa nusu siku kutoka mji mkuu. Alikuja mjini na kapu lililofunikwa kitenge, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu, na kabla hajanywa hata maji alisema shamba la juu limekwisha. Watoto walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Jirani yake, mama wa watoto wanane, alikuwa ameshazika mmoja. Hidaya alilieleza hilo kwa sauti ya kawaida.

"Lakini shamba la bondeni, mdogo wangu, lile la marehemu mama, limesimama," Hidaya alisema, akavuta kapu. "Nimekuletea uone kwa macho yako, maana mimi nimeangalia nimechoka."

Kapuni mlikuwa na ncha za mihogo za kijani. Vidung'ata walikuwepo, ila wengi wao walikuwa maganda makavu ya rangi ya kahawia, na kila ganda lilikuwa na tundu dogo la mviringo. Mwamvita aliijua maana ya tundu lile. Aliitoa hadubini yake ya zamani, akakaa dirishani penye mwanga, na kabla ya adhuhuri alimwona anatoka: nyigu wa rangi ya asali, mwenye pingili kumi na moja, na ya mwisho nyeupe. Alipekua vitabu vyote alivyokuwa navyo. Hakuwemo. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumwandika.

Alizihesabu pingili zile upya, na upya tena, mpaka Hidaya akamuuliza kama anaumwa. Hakuumwa. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka. Mama yao, Mwanakheri, ndiye aliyelifyeka bonde lile, na kule ndiko alikoangukia na jembe mkononi. Mwamvita aliona kabisa jina hilo limeandikwa kwenye vitabu vya dunia, nyigu wa Mwanakheri. Kisha akakumbuka kwamba ili nyigu apewe jina lazima mmoja wao awasilishwe kuwa kielelezo, na kila kielelezo kinapita kwa Bwana Ndolezi, mtunza Muhuri, kikagongwe kichwani.

Akamwambia dada yake asimwambie mtu neno nyigu. Kila asubuhi akate ncha chache zenye maganda kutoka bondeni, akazifunge kwenye mihogo ya majirani. Akiulizwa, aseme ni dawa ya kienyeji.

*

Wiki ya pili baadaye nchi rafiki ilileta zawadi: masanduku arobaini ya karatasi ngumu yaliyopangwa kwenye barafu, na kila sanduku lina nyigu elfu moja waliokufa ganzi kwa baridi. Ilisemekana ndio wala-vidung'ata hodari kuliko wote. Waziri wa Viumbe na Utulivu, Mheshimiwa Dakta Laurenti Bubelwa, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na heshima yake ilikuwa ya udaktari, alitangaza kwamba Mtukufu Rais mwenyewe angewaachia Jumamosi saa nne asubuhi. Watu wa televisheni walitaka nyuma ya Mtukufu paonekane kijani. Nchi nzima palibaki mahali pamoja penye mihogo ya kijani, napo palikuwa bonde la Kwemtanda.

Jumatano Mwamvita alipewa cheti cha utambuzi atie sahihi. Kilikuwa kimeshajazwa. Aliomba aangalie sanduku moja, kwa ajili ya kumbukumbu tu, na karani akamruhusu kwa kuwa hakujua kama inakatazwa.

Alihesabu pingili. Kumi. Akachukua mwingine, kumi. Akachukua kutoka kona ya pili ya sanduku, kumi. Alichukua wachache wakiwa hai, akawatia kwenye chupa pamoja na ncha mbichi za muhogo alizoletewa na Hidaya wiki ile, akasubiri wapate joto. Walizinduka, wakatembea juu ya vidung'ata wazima kama watu wanaopita sokoni wasiokuwa na haja ya kununua. Walipofika kwa wale waliokwisha kutagiwa walisimama, wakapapasa, wakachoma. Mwamvita alirudia jaribio mara tatu na mara tatu aliona jambo hilohilo. Hawa hawakuwa wala-vidung'ata. Walikuwa wala-nyigu. Walimtafuta mtoto wa nyigu wa asali ndani ya mwenyeji wake, wakamtagia yeye. Elfu arobaini wakiachiwa bondeni Jumamosi, kabla mwezi haujaisha hapangebaki nyigu wa asali hata mmoja, na vidung'ata wangemaliza muhogo wa mwisho wa nchi ile.

*

Alhamisi kilikaa kikao. Mwamvita aliandaa ushahidi kwa uangalifu mkubwa: nyigu wawili kwenye fomu mbili, mmoja wa zawadi na mmoja wa asali aliyemhifadhi kwenye kopo la kahawa, ili Waziri achungulie mwenyewe ahesabu. Mlangoni aliketi Bwana Kassimu Ndolezi, Mtunza Muhuri Mkuu.

Ndolezi alikuwa mzee mwembamba mwenye suti ya kijivu na sanduku la mbao alilolifunga mkononi kwa mnyororo. Hakuwa mtu mbaya. Miaka thelathini na moja hakuwahi kupokea hata soda ya mtu, na mama mkwe wa Waziri aliporudi kutoka hija bila fomu alimweka forodhani siku tano. Alimwamkia Mwamvita kwa adabu, akaona fomu mbili hazijagongwa, akasikitika kwa niaba yake. Kabla Mwamvita hajafungua mdomo, muhuri ulishuka mara mbili. Waziri alipochungulia kwenye hadubini aliona viuno viwili na madoa mawili ya zambarau.

"Sawasawa kabisa," Waziri alisema, akainua kichwa kwa kuridhika. "Mapacha."

Mwamvita alijaribu kueleza kwa mdomo. Alisema pingili kumi, akasema kumi na moja, akasema wala-nyigu. Waziri alimsikiliza kwa upole wa kutisha, kisha akasimama na kufunga kifungo cha koti, jambo alilolifanya kila alipotaka kuhutubia hata akiwa na watu wawili.

"Bi Mwamvita, taifa hili lilipewa nyigu mmoja na Mungu, na waasisi wetu wakamlinda. Leo wewe unaniletea pingili. Kesho utaniambia kuna nyigu wa kaskazini na nyigu wa kusini. Keshokutwa watataka bendera. Mzee Gervasi alianza hivihivi, kidogokidogo, na sasa ninavyoambiwa amefika mawingu milioni mbili. Tia sahihi, mama, twende nyumbani."

Kalamu iliwekwa mbele yake. Kalamu ilikuwa ya kawaida, ya buluu, na mfuniko wake umetafunwa. Katika miaka yake ishirini na miwili kazini Mwamvita alikuwa amenyamaza mara nyingi, lakini hakuwahi kuandika kitu ambacho hakukiona. Akikataa, mwingine angetia sahihi kwa niaba yake kabla ya chai, na yeye angekwenda kwenye mawingu, na bonde lingekufa vilevile. Alimfikiria Hidaya na kapu lake. Macho yake yakatua kwenye sanduku la mbao magotini mwa Ndolezi, na wazo likamjia ambalo alilichukia papo hapo.

"Mheshimiwa, nitatia sahihi," alisema taratibu. "Nauliza tu. Hawa nyigu wametoka nje ya nchi. Wako hai. Wanakuja kuishi hapa na kuzaa. Wana fomu?"

Waziri alicheka kidogo, akasema hiyo ni zawadi, na zawadi ni mzigo, na mzigo una karatasi zake.

"Kuzaa?" aliuliza Bwana Ndolezi.

Alikuwa ameshasimama. Aliuliza wako wangapi. Alipoambiwa elfu arobaini, wote wageni, wote wameingia kwa mkupuo mmoja bila picha, bila barua ya mwenyekiti wa mtaa, alilikumbatia sanduku lake la mbao. Waziri alimkumbusha kwamba Mtukufu anasubiri. Ndolezi alimkumbusha Waziri kwamba uteuzi wake mwenyewe ulikuwa na fomu, na fomu ile ilikuwa kabatini, na wino ni kitu kinachoweza kufifia. Basi ikaamriwa nyigu wasajiliwe mmoja mmoja, kwa dharura ya kitaifa, kabla ya Jumamosi.

*

Ijumaa makarani sitini walipangwa kwenye ukumbi wa Bunge, ambalo halikuwa na kikao kwa kuwa lilikuwa limekubali kila kitu wiki iliyopita. Nyigu walitolewa kwenye barafu wakiwa na ganzi, wakabandikwa, wakagongwa. Jina: Nyigu. Jina la baba: Nyigu. Kazi: kula. Mwenyekiti wa mtaa wa forodhani aliandika kwamba anawafahamu wote elfu arobaini tangu utotoni, na kwamba ni watu wa kujiheshimu.

Mwamvita alizunguka kati ya meza kama msimamizi. Sauti ya mihuri ilikuwa kama mvua juu ya bati, na kila alipopita aliona vichwa vinakuwa wino. Maisha yake yote alikuwa amevilinda vichwa hivyo. Hata hawa hawakuwa na kosa, walizaliwa wanakula wanachokula. Alijisikia mchafu, na bado alihesabu masanduku matupu kwa pupa, kumi na tano, ishirini na tisa, thelathini na tisa. Jua likiwa bado halijazama makarani wakafunga kalamu zao, wakapeana mikono.

La arobaini halikuwepo. Alilitafuta chini ya meza zote, akalitafuta kwenye barafu. Mwishowe karani mmoja alimwambia kwamba Mheshimiwa alilichukua mapema akaliweka kwenye gari lake, kwa sababu lazima kesho kitu kiruke.

*

Jumamosi bonde la Kwemtanda lilijaa watu, viti, bendera na maspika. Hidaya alisukumwa pembeni ya shamba lake mwenyewe kwa kuwa kanga yake haikuwa ya shughuli. Alisimama kwenye ukingo wa mfereji, na kila Mwamvita alipotazama upande ule alikutana na macho yake. Nyuma ya jukwaa, ndani ya majani, nyigu wa asali walikuwa kazini, na hakuna aliyewajua isipokuwa dada wawili.

Sanduku namba arobaini lililetwa juu ya mto mwekundu wa hariri. Barafu ilikuwa inayeyuka. Mwamvita aliyaona matone yanayodondoka, akapiga hesabu ya muda uliobaki kabla nyigu hawajazinduka. Alimwendea Bwana Ndolezi, aliyekuwa ameketi safu ya pili na mnyororo wake, akamnong'oneza kwamba wale hawajagongwa. Ndolezi aligeuka rangi. Alimfuata Waziri. Waziri alimjibu kwa ukali wa chinichini kwamba kinachoguswa na Mtukufu kimekwisha kugongwa, na akimharibia siku hii atakwenda yeye na sanduku lake la mbao kuhesabu mawingu.

Ndolezi alirudi akaketi. Mwamvita alikata tamaa hapohapo. Hotuba ya Waziri ilianza na ikaenda inapokwenda. Wimbo wa taifa ukapigwa. Mtukufu akainuka, mtu mnene wa polepole, akanyoosha mkono kuelekea kwenye mfuniko.

Bwana Ndolezi alisimama. Alitembea mpaka mbele ya jukwaa peke yake, huku walinzi wakiwa hawajui kama wampige risasi au wampishe, akapiga magoti na kulifungua sanduku lake la mbao.

"Mtukufu, siku ya kuapishwa ulisema hakuna aliye juu ya Muhuri, hata wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. "Mimi niliyaamini maneno yale. Hawa hawajagongwa."

Waziri alikuwa ameshafumba macho. Mtukufu alimtazama mzee yule muda mrefu, kisha akautazama Muhuri Mkuu, shaba tupu, mzito kama kinu kidogo, na usoni pake ukapita mshangao wa mtu aliyekumbuka kitu alichokitamani zamani. Kumbe katika miaka yote ya utawala wake hakuna aliyewahi kumruhusu aushike.

"Lete," alisema.

Aligonga sanduku mara moja, na umati ukapiga makofi. Sauti yake ilimpendeza. Akagonga tena kwa mikono miwili, na mfuniko ukabonyea. Mkuu wa Majeshi, aliyefahamu anachotakiwa kufanya, alianza kuhesabu kwa sauti kama ya mizinga ya heshima. Mtukufu alipiga mara ishirini na moja, jasho likimtiririka, akitabasamu kama mtu aliyerudi kijana. Mwisho wake sanduku lilikuwa bapa kama chapati.

Waziri aliunyanyua mfuniko uliopondeka. Hakikutoka kitu.

"Wameruka," alisema Waziri kwenye kipaza sauti.

Watu walitazama juu. Nyigu wadogo vile hata wakiwepo hawaonekani, kwa hiyo wasipokuwepo hakuna tofauti. Balozi wa nchi rafiki aliwafuata kwa macho mpaka kwenye kilima. Mke wa Waziri alimpungia mmoja kwa upepeo wake. Mkuu wa Majeshi alipiga saluti.

Mwamvita peke yake alikuwa anautazama mto mwekundu. Kwenye mkunjo wa kitambaa kulikuwa na nukta inayotembea. Ilisimama, ikatikisa mabawa, ikaelekea upande wa majani. Hakuwa na hadubini wala muda wa kuhesabu pingili, na hakujua kama huyu ametoka sandukuni au ametoka shambani kwa mama yake. Akaweka kidole gumba juu yake, akabonyeza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumhukumu nyigu bila kumtazama, na aliwahi kuniambia kwamba kidole kile bado huwa anakiosha.

*

Mihogo ilipona. Hidaya alitembeza ncha zake kijiji hadi kijiji, na waliozipokea wakazipeleka mbele kwa jina la dawa ya kienyeji, na mwaka uliofuata watu walikula mara mbili kwa siku na wakaanza tena kulalamika kwamba wamechoka na muhogo. Waziri alipewa nishani. Nchi rafiki ilipewa mtaa wenye jina lake. Halafu Mtukufu, ambaye tangu siku ile alikuwa anatafuta kitu cha kugonga, aliagiza kwamba mashujaa wale wenye mabawa watafutwe popote walipo, wapewe nishani ndogo na kusajiliwa upya, mmoja mmoja.

Ndipo Mwamvita alipojikuta tena bondeni Kwemtanda, safari hii na Bwana Ndolezi na boksi la fomu. Hidaya alisimama kwenye matuta na jembe. Aliwakaribisha, akamwita Ndolezi baba, akasema chai ipo, lakini hakuuachia mpini. Shamba lilikuwa limefika mabegani. Kwenye kila ncha palikuwa na maganda ya kahawia yenye matundu.

Ndolezi aliketi kwenye kigoda, akafungua wino, akanoa kalamu. Aliandika juu ya fomu ya kwanza jina la kijiji, kisha akasubiri. Nyigu wa rangi ya asali akatua kwenye kifuniko cha wino wake. Alitembea mpaka ukingoni, akasimama, akainua vipapasio vyake. Jua lilikuwa limemwangukia vizuri. Mwamvita aliona, au alidhani ameona, ile pingili ya mwisho nyeupe, na jina la mama yake likamjia mdomoni. Lingeandikwa hapo leo. Lingegongwa, lingekuwepo. Na kesho wangekuja makarani sitini.

"Hii nini?" aliuliza Ndolezi.

Hidaya alimtazama mdogo wake.

"Vumbi, Bwana Ndolezi," alisema Mwamvita.

Mzee alitoa miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Aliinamisha uso mpaka karibu na kifuniko. Lile vumbi lilijipangusa uso kwa miguu ya mbele. Ndolezi alilitazama kwa muda ambao Mwamvita hataki kuukumbuka, kisha akalipuliza, polepole sana, kama mtu anayepoza uji wa mtoto, mpaka likapata upepo na kuingia kwenye majani.

"Vumbi haligongwi," alisema, akafunga wino.

Kwenye fomu, penye idadi ya spishi zilizoonekana, Mwamvita aliandika *hakuna* kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi. Ndolezi akagonga. Kwa hiyo mpaka leo, kwa mujibu wa kumbukumbu halali, bonde lile halina nyigu mdogo hata mmoja. Muhogo wake unazaa vizuri. Na kule bondeni Hidaya akipita asubuhi kukata ncha, huwa anawasalimu kwa sauti, shikamoo mama, halafu anaangalia nyuma kama kuna mtu.